Nta Kwenye Bomba la Uani kwa Dorice

Haya nimeambiwa na Matilda, jirani yake Dorice pale Majengo, juzi Jumatano tukichambua maharage. Alicheka mpaka maharage yakamponyoka.

Hana, binti wa Dorice, alikuwa anangoja wakwe kutoka Katumba walete barua ya posa saa nane mchana. Walishaahirisha mara moja kwa sababu ya msiba. Sebule ya Dorice haitoshi watu kumi, kwa hiyo viti vilikuwa vya kupangwa uani, kwenye saruji. Alfajiri mvua ikanyesha. Kulipokucha, ua wote ulikuwa maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, na lile tundu la kutolea maji halimezi hata tone.

Hana akaanza kulia. "Wakikuta hivi watageuza, mama. Watasema tumewakataa."

Baba yake, Venansi, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa jirani. "Ni majani ya mparachichi wa Matilda hayo!"

Matilda akasikia, akaja na kanga yake kaifunga kiunoni. "Shemeji, nipishe." Akang'oa kile chuma cha matundu, akaingiza mkono mpaka begani. Majani yakatoka, ndiyo, konzi moja. Halafu akatoa bonge la njano, gumu. Akalinusa.

"Shemeji Venansi, tangu lini parachichi langu likanuka asali?"

Dorice akamgeukia mumewe. "Baba Hana! Jana ulichemshia wapi masega ya asali uliyoletewa kutoka Inyonga?"

"Hapo hapo uani. Maji nikayamwaga tunduni yakiwa ya moto, nikajua yatapita tu."

Yalipita, lakini nta ikapoa ndani ya bomba ikaganda.

Matilda hakugomba. Aliwaambia wachote kwanza maji yote kwa ndoo, maana ukimwaga ya moto juu ya baridi unapoteza kuni bure. Kisha wakamimina maji ya moto kidogo kidogo. Hayakuwa yanatokota, bomba la plastiki lisije likajikunja. Venansi akasukuma mwanzi mrefu uliofungwa kitambaa, upesi, nta isiwahi kuganda tena. Kule nje mtaroni, bomba linakotokea, Dorice alikuwa kachuchumaa na beseni.

"Inakuja?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imenirukia usoni, mwanaume wewe!"

Maji yaliyobaki yakazunguka kwenye tundu yakaondoka, gurrr. Mlangoni akasimama Mzee Dieudonne, kiongozi wa wageni, amekuja nusu saa kabla. Akamtazama Venansi aliyelowa, mwanzi mkononi.

"Mkwe, kumbe nyie huku mnavua samaki nyumbani?"

Wote wakacheka, Hana naye. Wakafuta saruji, wakapanga viti, barua ikasomwa ikapokelewa.

Dorice ameshaweka wavu juu ya tundu, na majani yanafagiwa kabla ya mvua. Vyombo vya asali na nta vinafutwa kwanza, halafu vinaoshewa kwenye udongo kule nyuma, mbali na bomba. Na mimi nimefanya hivyo kwangu.

Siku ile wageni walipoondoka, jua bado lipo, Venansi akalala kwenye kiti, mdomo wazi. Dorice akajinyoosha mkekani, naye akapitiwa. Hana alikaa akiisoma ile barua mara ya tatu, mara ya nne, mpaka ikamlalia kifuani, naye akasinzia na kitenge chake kipya.