Aya Aliyosomewa Skolastika

Skolastika alichukua kichala cha karafuu, akakisugua kiganjani, punje zikaangukia jamvini. Makonyo, vile vijiti vilivyobaki, akayatupa pembeni. Mumewe, Egidius, mwalimu na katekista, alikuwa bado ameshika kichala kilekile tangu aanze kusema.

"Petro alimkana Bwana mara tatu, akasamehewa. Wewe unajiona nani?"

"Petro hakumkufuru Roho Mtakatifu. Mimi nilimkufuru."

"Anayeogopa kwamba ametenda dhambi hiyo, hajaitenda. Moyo uliokufa hauogopi. Nimekueleza tangu mwaka juzi!"

"Umenieleza."

Mwaka juzi mtoto wao Noel alipozidiwa na homa, Egidius aliita kikundi cha maombi. Walipopaza sauti kwamba Roho ameshuka, Skolastika aliwafukuza. Alisema aliyeshuka ni shetani, amekuja kumchukua mwanawe. Noel alifariki alfajiri. Tangu hapo mama yake hajakomunika, hapokei Ekaristi. Kesho asubuhi padri angefika Wete kuungamisha, na Egidius alitaka mkewe aende.

"Mwalimu, chambua," alisema Bi Mwanapili, jirani aliyekuja kuwasaidia. "Karafuu hazisikii mahubiri. Ukizirundika na makonyo yake zitavunda."

Egidius akachambua kwa hasira, akaziponda punje. "Mungu husamehe, Mama Noel. Kwa nini hutaki kuelewa?"

"Nani aliniambia hanisamehe?"

Egidius akainamia kichala chake.

"Tumetoka makaburini, hata viatu sijavua, ukafungua Biblia ukanisomea. Amkufuruye Roho Mtakatifu hatasamehewa, sasa wala milele. Ulisoma mara mbili."

"Nilikuwa na uchungu."

"Na mimi nilipowafukuza watu wako nilikuwa na nini?"

"Lakini nimekueleza maana ya aya—"

"Kueleza unajua. Kurudisha neno lako hujui."

"Haya, nimelirudisha!" alifoka, akatupa kichala. "Nilikosa! Umeridhika?"

Bi Mwanapili akaguna. "Makubwa! Toba gani hii, utadhani anafukuza kuku?"

Skolastika alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Adhana ya magharibi ikasikika. Bi Mwanapili akakung'uta kanga, akaenda kusali. Nusu ya karafuu ilikuwa bado na makonyo. Skolastika akaanza kuitandaza chumbani isipate joto ikavunda, na Egidius akashika upande wa pili wa jamvi bila kuambiwa.

"Hizi tutamalizia kesho," alisema mkewe. "Na lile neno la 'nilikosa' utaniambia tena kesho, kabla padri hajafika. Polepole. Ukifoka, siendi."