Ndoo za Kinasembe

Saa tatu asubuhi Peniel alipuliza vumbi kwenye kibodi, akaongeza mstari mmoja kwenye stailishiti ya ripoti. Stailishiti ni maagizo tu kwa kompyuta: huchukua data kwenye faili la XML, ambamo kila kaya imekaa ndani ya kijiji chake, na kuihamishia kwenye ripoti. Mstari mpya ulisema: ukikuta kijiji ambacho pampu yake imekufa, usiandike kitu.

Aliyeagiza ni Calist, mkuu wa mradi wa maji pale Nduguti, mtu mwenye huruma sana na wageni.

"Kesho wanakuja kutoka Dodoma. Tusiwachoshe na habari za ukame."

Kijiji cha namna hiyo kilikuwa kimoja, Kinasembe, alikozaliwa Peniel. Kanuni aliijua: kitu kikiachwa, vilivyomo ndani yake huachwa pia. Lakini mkataba wake ulikuwa unangoja sahihi ya Calist. Akabonyeza. Huduma ya maji ikapanda hadi asilimia mia moja bila kuchimbwa hata shimo la panya.

Saa nne mama yake, Damari, aliingia na ndoo tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nafagia uwanja, uwanja ukaisha."

Nyuma yake Kinasembe nzima ilikuwa imepanga foleni, kila mtu na ndoo yake. Walikuwa wamefifia kiasi kwamba kalenda ya ukutani ilisomeka kupitia vifua vyao.

Calist aliwapokea vizuri. Alitaka jambo dogo tu: kila mmoja alete barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chake.

"Mtendaji ni mimi," alisema mzee wa tatu kwenye foleni. "Muhuri uko ofisini, na ofisi haipo."

"Hilo mlimalize huko huko kijijini."

Peniel aliona aibu, aibu ya kweli, akanyoosha kidole afute ule mstari. Kidole kikapita katikati ya kibodi.

"Hata wewe?" Damari akauliza.

"Kwenye faili nimeandikwa nyumbani kwako, mama."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Damari akaweka ndoo chini, akamshika mkono. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefifia sawasawa, mikono ilishikana vizuri.

"Basi njoo upange foleni na wenzako."

Kesho yake wageni waliisifu ripoti, wakanywa maji ya chupa, wakauliza kuhusu ndoo tupu zilizojaa koridoni. Ndoo hazikuwahi kuingizwa kwenye faili, ndiyo maana zilibaki. Calist akazihesabu, akaziandika chini ya mafanikio.