Kura ya Kufumba Macho

Ng'ombe alikataa kushusha maziwa. Micah alikikanda kiwele kwa maji ya moto, akamwimbia polepole. Wapi.

"Ameijua mikono yako," mkewe Cheptanui alisema, ameshika ndoo tupu. "Umeamka na Hiram moyoni tena."

Ilikuwa kweli. Siku hiyo Waafrika walikuwa wanamchagua mjumbe wao wa baraza la kutunga sheria kwa mara ya kwanza, na kati ya maskwota wote, vibarua walioishi na mifugo yao kwenye shamba lile la mzungu huko Njoro, Micah peke yake ndiye aliyepewa haki ya kupiga kura, kwa sababu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita. Mzungu alishatangaza kwamba ng'ombe wa maskwota watapunguzwa. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikunywa chai kwa wazungu, akarudi kuwaambia watu wavumilie. Hiram ndiye aliyesimama sokoni akakataa. Lakini Hiram huyo huyo aliwahi kusimama kanisani akasema Micah anapika pombe, na Micah, ambaye hajawahi hata kuilamba, akazuiwa Meza ya Bwana mwaka mzima. Ukweli ulipojulikana, Hiram hakuomba msamaha.

Basi Micah alijipatia njia. Mitume walipopungukiwa na mmoja, alisema, walipiga kura wakamwachia Mungu. Naye ataingia, afumbe macho, na penseli itakapoangukia, hapo hapo.

Tangu Jumapili Cheptanui alikuwa akimweleza kwamba kura hii si ile. Alimweleza akipukuchua mahindi, akamweleza akikoroga ugali, mpaka ulimi ukachoka. Sasa akaweka ndoo chini.

"Baba Jeruto, huko si kumwachia Mungu. Huko ni kumkimbia Hiram."

"Nikifumbua macho, Mama Jeruto, ni hasira itakayopiga kura, si mimi."

"Si uiombee? Wewe unaombea hata mvua ya watu wa Kuresoi."

Cheptanui alimfuata hadi shuleni penye kura, maana hakuyaamini macho ya mumewe. Akangoja nje ya ua. Watu waliingia wakatoka, Micah hakutoka. Karani alisikika akiuliza kama mzee amelala nyuma ya pazia. Mtu kwenye foleni akasema labda anamwandikia Malkia barua. Cheptanui akajifunika uso kwa leso.

Alipotoka, shati lilikuwa limeloa mgongoni.

"Ulifumba?"

"Nilifumba nikamwombea. Jina lake lilinikwama kooni, nikaanza tena, likakwama. Mara ya tatu likapita. Ndipo nikafumbua, nikamwekea alama. Bado simpendi."

Cheptanui alivuta pumzi ndefu. "Hiyo nayo tutaiombea nyumbani."

Ng'ambo ya uwanja, Hiram alikuwa amewaona. Akaanza kuja, mkono umeshanyooshwa, kama kawaida ya watu wanaotaka kuchaguliwa. Micah hakusogea. Aliitazama miti, akavitazama viatu vyake, kisha akaihamisha kofia kutoka mkono wa kulia, akaishika kwa wa kushoto.