Mwenye Mkono

Kinyozi alilala mchana nyumbani kwake, na alipozinduka, neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa hili: "Mwambie huyu aliyelala nami atoke."

Kitandani hakukuwa na mtu wa pili. Mke alidhani ni masihara yale yale. Figo zilipokufa, mtu huyu alisema zimestaafu bila kuaga. Lakini safari hii nusu ya uso ilikuwa imelegea.

"Nani, baba?"

"Huyu. Mkono wake huu hapa. Unavuma."

Alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe wa kushoto.

Kuvuma, ulivuma kweli. Ndio mkono ambao madaktari waliunganisha mishipa ndani yake, mashine ya kusafisha damu ipate pa kuivutia. Ukiugusa unatetema kama friji kuukuu. Miaka yote mke alilala ameuegemezea sikio. Leo mvumo ule ule ulimsisimua mwili.

Hospitalini, daktari hakuzungusha maneno. "Ni kiharusi, mama. Nyinyi mnaogopa figo, lakini wagonjwa wetu wengi huondoka kwa moyo au kwa hiki. Presha, maji yanayojaa mwilini, mishipa inayokakamaa. Ubongo wake umeusahau upande wa kushoto."

Mke alielewa vizuri tu. Ila daktari hakuwa analala chumba kimoja na mtu anayemsogezea shuka mgeni asiyeonekana.

"Ni Mwalimu," kinyozi alimnong'oneza kesho yake, walipokwisha rudi nyumbani.

Mwalimu alikuwa jirani yake wa kiti kwenye mashine, mtani wake wa damu. Mwezi uliopita kiharusi kilimchukua pale pale kitini, gazeti likiwa mapajani.

"Mwalimu tulimzika, baba."

"Najua," akajibu kwa upole. "Ndiyo maana mkono hausogei."

Siku ya mashine ikafika. Muuguzi alipoleta sindano, kinyozi aliufunika mkono kwa ule mzima. "Sista, mwenyewe hajaruhusu. Siwezi kutoa mali ya watu."

Wakambembeleza, wakamkemea, wapi! Kumshika kwa nguvu hawakuthubutu, maana sindano zile ni nene na mshipa ungechanika. Mishipa ya shingoni, ambako wangeweza kupitia badala ya mkono, ilishaziba zamani. Miguu yake ilikuwa imevimba, na pumzi zilikoroma kwa maji. Mke aliona wazi kwamba asiposafishwa leo, yeye ni mjane.

Basi akafanya jambo ambalo, kama angelifanya mtu mwingine, angemcheka. Aliuinamia ule mkono, akaupokea kwa mikono yake miwili, akasema kwa adabu zote, "Shemeji, samahani kwa usumbufu. Tunakuomba utuazime mkono. Ndugu yako anazama."

Wagonjwa wa viti vya jirani wakageuza vichwa. Mume aliinamisha kichwa, akasikiliza kitambo.

"Amekubali," akasema.

Muuguzi hakungoja la pili. Damu ikapanda kwenye mrija, mashine ikaanza kuzunguka.

"Anakushukuru kwa kumwomba kistaarabu," mume aliongeza, huku akifumba macho. "Anasema usijisumbue kumrudishia. Atakuja mwenyewe kuuchukua."

Mke aliogopa, tena sana. Alivuta kiti, akaketi, akaviingiza vidole vyake katikati ya vile vidole vilivyolegea. Na aje, alijisemea. Atanikuta nimeushika.