Boliti ya Nne

Sajini Piyatissa alikuwa amekaza boliti tatu kati ya nne za rafadha ya mkiani, ile feni ndogo inayoshika mwelekeo wa helikopta, fataki zilipolia kijijini, na mkono wake ukasimama palepale. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi. Wanajimu walikuwa wameipanga dakika hiyo tangu mwezi uliopita na magazeti yote yakaichapa: kuanzia hapo mwaka wa zamani umekufa na mpya haujazaliwa, na mpaka saa nane na dakika sita mchana mtu hapiki, hali, wala hashiki kazi. Anakwenda hekaluni, basi. Miaka ishirini na moja Piyatissa alikuwa fundi wa helikopta za jeshi la anga, na hakuwahi kuzivunja saa hizo hata mara moja.

"Mjomba, fataki hizo!" Koplo Tissera alipaza sauti kutoka ndani ya helikopta, alikokuwa akifunga viti. "Iweke chini spana kabla hujalaaniwa ukoo mzima!"

"Cheka tu. Wewe mwaka wako ulishaanza Januari."

"Na huu wako nitaula vilevile. Mwambie shangazi asinisahau kwenye wali wa maziwa."

Tissera alikuwa Mkatoliki wa Negombo, mji wa pwani. Sikukuu alizila zote, ila saa za wanajimu hazikumnyima usingizi. Piyatissa aliiweka juu ya sanduku spana yake, ile inayolia 'ta' kila boliti ikikaza sawasawa, akafuta mikono, akaondoka mbiombio na kifuniko cha mkiani kikabaki wazi. Daftari la ndege alikuwa ameshalitia sahihi tangu alfajiri, kabla hata ya kushika spana, maana kuandika nako ni kazi na aliona muda utambana. Aliandika kwamba boliti zote nne zimekazwa. Ndege haikupangwa kuruka mpaka kesho yake, na ya nne angeimaliza saa nane. Nani angeigusa sikukuu yote hii? Ndivyo alivyojiambia, na mtu mwenye akili zake angejiambia hivyohivyo.

Saa saba na nusu alikuwa ameketi hekaluni na nguo zake nyeupe, maua mkononi, aliposikia mlio. Aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Ilikuwa ndege yake, na ilikuwa angani.

Maua yalimwanguka. Mkewe, Chandrani, alimshika shati. "Unakwenda wapi? Saa hazijaisha!"

Alichukua baiskeli ya kwanza aliyoiona ukutani, akakanyaga mpaka kambini huku mapaja yanamwaka moto.

"Basi la askari limepinduka kule ng'ambo ya bwawa," mlinzi wa getini alimwambia. "Wawili wanavuja damu vibaya. Ile helikopta nyingine iko mji mkuu, kwa hiyo Kapteni Madugalle kachukua hiyo yako. Kaona sahihi kwenye daftari, kaona kifuniko cha mkiani kimefungwa, kaondoka."

"Kifuniko? Nani kakifunga?"

"Tissera. Kasema umekisahau kwa haraka ya hekalu lako. Tena kapanda yeye kwa niaba yako, mjomba. Kamwambia Kapteni, 'Mwacheni mzee asali, nitakaa mimi kwenye kiti chake.'"

Kambini hapo desturi ilikuwa moja, na Piyatissa ndiye aliyeisimamia kuliko wote: aliyetia sahihi ndiye anayepanda safari ya kwanza baada ya matengenezo. Vijana wangapi aliwasukuma kwenye kile kiti huku wakitetemeka, akiwaambia kama kazi yako ni nzuri unaogopa nini?

"Sasa wako wapi?"

"Wametua. Wanapakia majeruhi."

Wametua! Neno moja tu redioni, na ndege ingebaki chini. Alipaswa kukimbilia chumba cha redio. Badala yake alikwenda kwenye banda la ndege, eti ahakikishe. Spana ilikuwa juu ya sanduku, palepale alipoiacha. Aliikodolea macho, akatamani iwe imesogea hata inchi moja, iwe na alama ya mkono wa mtu mwingine. Haikuwa nayo.

Chumba cha redio kilikuwa hatua hamsini. Alifika mlangoni akasimama. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Boliti tatu zinashika, alijiambia. Aliwahi kuona ndege iliyorudi na tatu. Tena akisema, ni sahihi ya uongo hiyo, ni kesi, ni kuvuliwa cheo mbele ya gwaride na Chandrani akitazama. Kupitia dirisha aliiona saa ya ukutani ikisogea, na yeye hakusogea. Dakika kumi. Kumi na mbili. Woga ulimfanya mjinga mzee yule, na hakuna neno jingine la kumwelezea.

Kisha redio ikasema, "Tumenyanyuka. Majeruhi wawili. Tunarudi."

Hapo ndipo alipousukuma mlango. Luteni Harshani, msichana aliyekuwa zamu redioni, alishtuka. "Sajini! Si uko hekaluni?"

"Waambie watue. Afande, waambie watue sasa hivi, popote. Boliti ya nne ya mkiani sikuikaza."

Harshani alimtazama mara moja, akageukia redio, akarudia maneno yale neno kwa neno. Kisha sauti ya Madugalle, tulivu mno: "Nimesikia. Pedali zinatetemeka tangu tulipopaa. Niko juu ya maji. Natafuta ukingo."

"Nipe," Piyatissa alisema, akaunyakua mkono wa redio. "Tissera! Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mjomba." Mlio wa injini ulikuwa nyuma ya sauti yake, na ndani ya mlio ule palikuwa na kitu kinachogonga. "Ujue nilizihesabu asubuhi. Spana ililia mara tatu. Nikasema, aa, moja itakuwa imenipita. Mjomba hakosei."

"Mimi ndiye, mwanangu. Ni mimi..."

Saa nane na dakika sita ikagonga.

Kijiji kizima kililipuka kwa fataki, na baada yake kijiji cha pili, na cha tatu, nchi nzima ikiukaribisha mwaka katika dakika ileile. Madirisha yalitetemeka. Piyatissa aliibana redio sikioni kwa mikono yote miwili na hakusikia kitu. Alimwona Harshani akifungua mdomo, akiita na kuita, na hata sauti yake haikumfikia.

Zilipokoma, redio ilikuwa ikikoroma tu. "Jibu, Madugalle. Jibu," Harshani alisema. Aliyarudia hayo mara nyingi.

Piyatissa alitoka akasimama kwenye ngazi. Huu ndio wakati wa kuwasha jiko la kwanza la mwaka, na wanawake walikuwa wamewasha wakiwa wamegeukia kusini kama magazeti yalivyoagiza. Moshi mweupe ulipanda kutoka kila paa, hata paa lake mwenyewe, ambako Chandrani alikuwa akingoja maziwa yafure mpaka yamwagike, ishara ya mwaka wa heri. Aliupita moshi ule kwa macho, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye maji.

Ng'ambo ya bwawa hakuna nyumba hata moja. Huko nako moshi ulikuwa ukipanda, mweusi.