Birika la Kichakani

Alawi alimwambia shangazi yake kwamba amekuja kumjulia hali. Uongo mtupu. Mwaka mzima hakuwa amemjulia hali hata kwa simu, na siku hiyo, kwenye buti la gari, chini ya turubai, alikuwa amelaza mashine ya kutafutia vyuma aliyoiazima kwa Maulidi, jirani yake wa Kerege.

Shangazi Zaina, maskini, alifurahi. Akabandika chai, akatoa vitumbua, akamwombea dua ndefu mpaka mtoto huyu wa kaka yake akaona haya kidogo. Kidogo tu, maana vitumbua alivimaliza.

Kilichomleta kilikuwa kichaka. Nyuma ya minazi ya ukoo, nje kidogo ya Bagamoyo, palikuwa na kichaka kisichofyekwa tangu enzi za babu. Mihogo ililimwa mpaka ukingoni, lakini ndani halikuingia jembe. Ukiuliza unajibiwa, "Kile hakilimwi," basi. Alawi alikulia Ubena kwa mama yake. Mambo ya ukoo wa baba aliyaokoteza vipande vipande, na penye pengo akajaza kwa akili zake mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, akajiambia. Mjerumani alipita huku, wazee wamefukia rupia, wananificha. Mwenye tamaa hakosi ushahidi.

Shangazi alipokwenda kumtazama jirani mgonjwa, Alawi akaingia kichakani. Mashine ikalia. Akachimba, akatoa kata ya bati iliyooza, akaitupa kwenye mihogo. Ikalia tena: bakuli lililotoboka. Nalo akalitupa. Shimo la sita, au la saba, likampa birika la shaba. Moyo ukamruka. Akalitia kwenye mfuko, akaendelea kuchimba akitafuta wenzake. Hadi alasiri alikuwa amechimba mashimo kumi na moja, na kila alipomaliza moja alilifukia haraka na kulitandazia majani, mtu asijue.

Alikuwa uani akilisugua birika kwa ndimu na majivu, shaba imeanza kung'aa, simu mkononi ampigie picha Maulidi, shangazi aliporudi.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Nimeliokota tu, shangazi. Huko nyuma."

Bi Zaina alikaa chini, mchangani, bila hata kutafuta mkeka. Akalichukua, akapitisha kidole kwenye mbonyeo karibu na mkono wa birika.

"Hili ndilo alilooshewa mwanangu wa kwanza. Mwanaasha. Siku thelathini na tisa aliishi. Kesho yake tumtoe nje kwa arobaini, hakuamka."

Alawi akaiweka simu chini.

"Watoto wote wa ukoo huu waliokufa wachanga wako kichakani mle. Hatuwawekei mawe. Kila mama huweka kichwani pa kaburi chombo alichooshewa mwanawe, ukiwa na birika birika, ukiwa na kata kata. Udongo umevifunika, lakini vipo."

Kata. Bakuli. Alawi alivikumbuka vikiruka hewani kuelekea kwenye mihogo, na aibu ikamshika. Alitaka kukiri. Mdomo ukagoma.

"Kosa letu," shangazi akasema, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Hukukua hapa, nasi hatukukwambia. Kulitaja ni kutonesha, mama zao wengine wangali hai. Usijilaumu, baba. Simama ukanionyeshe, tumrudishie kabla ya magharibi."

Wakaenda. Bi Zaina mbele, birika kifuani.

Kichakani Alawi akasimama. Majani kila mahali, ameyatandaza vizuri mwenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Shimo la sita? La saba? Hapakuwa na tofauti hata chembe. Angeweza kusema hajui. Lakini shangazi alikuwa akimtazama, hana shaka naye hata kidogo.

"Hapa," Alawi akasema, akaonyesha kwa kidole.

Bi Zaina akapiga magoti. Akalisimamisha birika, akalishindilia udongo kwa viganja taratibu, kama anayemfunika mtoto asipate baridi. Akatoa salamu, akasoma Fatiha, akainua mikono na kuomba mpaka sauti ikamkatika.

"Itikia, mwanangu," akasema. "Huyu ni dada yako."

"Amin," Alawi akaitikia, huku macho yake yakitangatanga kwenye mashimo mengine kumi.