Sare Isiyo na Kosa

Josie Ackroyd alifukuzwa shule kwa wiki moja kwa sababu ya kucheka, na sare yake ikaendelea kwenda bila yeye.

Kicheko chenyewe alikicheka kwenye korido. Katika shule ya Hagthorpe watoto hupita korido kimya, mstari mmoja, upande wa kushoto, macho mbele. Mwalimu wa jiografia alijikwaa kwenye kibao kilichoandikwa TEMBEA KWA ADABU, akaanguka nacho. Watoto wote waliona. Josie peke yake ndiye aliyeshindwa kujizuia, maana alizaliwa na kicheko kisichojua kupiga hodi. Kinaingia tu, tena na viatu. Bwana Lister, naibu mkuu anayeshughulikia nidhamu, alimkagua kuanzia shingoni hadi miguuni. Tai sawa. Sketi chini ya goti. Viatu vyeusi, havina nembo.

"Sare yako haina kosa hata moja," alimwambia. "Kosa ni wewe."

Kesho yake asubuhi baba yake, Neville, alikuwa jikoni akifunga kamba za viatu vya kazi. Sare ilishuka kutoka chumba cha juu. Koti lilikuwa na vifungo vyote, tai imebana pale ambapo shingo ingekuwa, soksi zimevutwa zikanyooka. Ilichukua mkoba mezani, ikatoka, ikafunga mlango polepole. Josie hubamiza.

"Mwavuli!" aliita Neville kwa mazoea.

Sare ilirudi, ikachukua mwavuli, ikafunga mlango polepole kwa mara ya pili.

Josie alishuka na nguo za kulalia. "Imeshaenda?"

"Imeshaenda."

"Imebeba daftari langu la sayansi?"

"Sikuiuliza, kipenzi. Chai ipo kwenye birika."

Neville alikuwa fundi wa paa. Aliacha shule mapema akaanza kubeba vigae, na sasa magoti yake yalitabiri mvua vizuri kuliko redio. Alitaka jambo moja duniani: Josie amalize shule. Josie naye alitaka kuuguza wanyama, na chuo cha kazi hiyo hakimpokei mtu asiye na mitihani ya mwaka wa mwisho. Mwaka wa mwisho ndio huo. Kwa hiyo Neville aliona heri sare iende kuliko kiti kikae bure.

Jioni shule ilipiga simu. Alishazoea simu za shule. Alishika kipokezi huku akitafuta namna ya kuomba radhi.

"Bwana Ackroyd," alisema Bwana Lister, "napenda kumpongeza Josie. Siku nzima hana alama mbaya hata moja."

"Josie alikuwa hapa. Kaosha vyombo."

"Tunafahamu. Ni hatua kubwa sana."

Wiki ilipokwisha Josie aliivaa sare akarudi darasani. Ilimkaa vizuri, ila mikono ya koti ilijikunja yenyewe kifuani kila alipotaka kuinua mkono kuuliza swali. Kwa hiyo aliuliza bila kuinua mkono, na hilo ni kosa. Kisha akapiga chafya wakati wa kimya. Kabla ya chakula cha mchana Neville aliitwa, akaja na vumbi la vigae mabegani.

Njiani kuelekea ofisini alipita madarasa mawili. Katika viti vingi sare zilikuwa zimekaa zenyewe, mgongo umenyooka, mikono ya koti juu ya meza. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini sare hizi tupu hazikutoa hata mchakacho. Mwalimu aliuliza mfalme fulani alikufa lini, akangoja kidogo, akaandika jibu ubaoni mwenyewe. Alionekana mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Tazama mwenyewe," alisema Bwana Lister, akigonga chati ukutani. "Sare ikija peke yake mstari unapanda. Ikija na Josie ndani unashuka. Mimi sina ubaya na mtu, nasoma chati."

"Lakini anayetakiwa kufundishwa si Josie?"

"Bila shaka. Na anaendelea vizuri mno. Tatizo ni pale anapohudhuria."

Neville alikuwa na neno. Lakini yeye akiingia ofisi ya mwalimu huwa tena kijana wa nyuma ya darasa, na kofia ilikwisha kumtoka kichwani bila kuamriwa.

"Sitaki kuleta shida," alisema. Watu wa Hagthorpe husema hivyo hata nyumba inapoungua.

Alipotoka, sare moja ndogo ilimshikia mlango. "Asante," alisema.

Mwenzake wa kazi, Duggie, aliposikia kwamba sare inakwenda tena peke yake, alicheka mpaka chai ikamwagika juu ya jukwaa la kujengea. "Nev, suruali yangu ingekubali kupanda paa peke yake, mimi mngenisikia niko ufukweni Blackpool nakula chipsi!" Halafu akajifuta mdomo. "Ila yule ni binti yako, we bwege. Ifungie kabatini hiyo takataka, mpeleke mtoto."

Neville aliifungia. Asubuhi iligonga mlango wa kabati kwa adabu, kama mgeni aliyetangulia kupiga simu. Neville na Josie walikuwa wanavaa makoti ya mvua, Josie katika sweta na sketi ya kawaida, wakati Bi Crabtree wa ofisi ya mahudhurio alipobisha hodi.

"Sare haijafika shuleni," alisema.

"Josie ndiye huyu, tunatoka sasa hivi."

"Namwona. Hujambo, kipenzi? Baridi leo." Bi Crabtree alifunua faili lake. "Simtafuti yeye. Sare ikikosa tena, Bwana Ackroyd, ni faini, na baada ya faini ni mahakama."

Neville alisimama na ufunguo mkononi. Josie alimwangalia.

"Baba, usifungue."

"Ni mpaka mambo yapoe tu, mwanangu."

Alifungua. Sare ilitoka, ikanyoosha mikunjo yake, ikamwinamia Bi Crabtree kidogo. "Mtoto aliyelelewa," alisema Bi Crabtree, wakaondoka pamoja chini ya mwavuli mmoja. Josie alivua koti la mvua, akalitundika. Kwa mara ya kwanza alifunga mlango wa chumba chake polepole.

Msimu wote wa baridi alisoma jikoni kwa vitabu vya kuazima, akimweleza paka habari za figo na ini. Mwezi wa tatu wakaguzi walikuja shuleni, wakakaa nyuma ya darasa, wakaandika kwamba hawajapata kuona utulivu wa namna ile. Waliipa shule daraja la juu kabisa. Walikuwa na ushauri mmoja: kulikuwa na mvulana aliyekohoa. Wiki iliyofuata koti la mvulana huyo lilikuja peke yake.

Siku ya mtihani wa kwanza Josie alikwenda na kalamu mbili. Meza yenye jina lake ilikuwa imekaliwa.

"Kiti kina mtu, kipenzi," alinong'ona msimamizi, mama mwenye huruma, akampa peremende.

Sare ilishika kalamu kwa ncha ya mkono wa koti mpaka muda ukaisha. Ikarudisha karatasi nyeupe, safi, haina hata doa. Ikafanya hivyo mitihani ya masomo yote tisa.

Mwisho wa mwaka Neville alialikwa kwenye sherehe ya zawadi. Alivaa suti yake ya mazishi. Josie alipewa kadi ya kubandika kifuani iliyoandikwa MGENI, akakaa kando yake. Lilipotajwa jina la Josie Ackroyd, sare ilipanda jukwaani, ikapokea Kombe la Mwenendo Bora, ikapeana mkono na Bwana Lister. Ukumbi ulipiga makofi. Josie hakutazama jukwaani. Alitazama mikono ya baba yake, na mikono ya baba yake ilikuwa inapiga makofi pamoja na ya wengine.

Siku hizi Josie anabeba vigae. Ni mfanyakazi mzuri, hana maneno. Juzi Duggie aliteleza kwenye ngazi akaangukia kitako ndani ya toroli la chokaa, akabaki humo na sigara mdomoni kama mtoto bafuni. Neville alicheka mpaka magoti yakamuuma, kisha akageuka kumtazama binti yake. Josie alikuwa amesimama na mzigo wake, upande wa kushoto, macho mbele, akingoja ngazi iwe wazi.

Kombe liko juu ya televisheni, na sare hulifuta vumbi kila Jumapili. Limewagharimu masomo tisa, nafasi moja ya chuo, na kicheko kimoja, na hawakuwa na kingine.